Folda Iliyokuwa Tupu

Asubuhi niliyowafuta wale wanawake nilikuwa na furaha. Ilikuwa Jumanne. Nilifika kazini kabla ya wote, chai yangu ya tangawizi mkononi, na njiani nilikuwa nimeisoma mara tatu barua ya kazi niliyopata Nairobi. Nilibakisha wiki tatu tu niondoke Mombasa. Nilichotaka ni kuiacha sistemu ya zahanati ikiwa safi, ili atakayenifuata asinitaje kwa ubaya.

Zahanati yenyewe ni ndogo, ya mama na mtoto, iko chini ya nyumba kongwe ya mawe upande wa Kibokoni. Wenye nyumba, ukoo wa Kiarabu uliokaa Mji wa Kale vizazi na vizazi, wanaishi ghorofani. Vile vyumba vinne vya chini walivitoa kwa ajili ya thawabu. Aliyeiendesha zahanati ni muuguzi mmoja, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mkunga tangu mimi sijazaliwa. Watu wote walimwita Sista, hata mabibi waliomzidi umri.

Nilipoajiriwa hapo, nikiwa nimetoka kumaliza masomo yangu ya kompyuta chuoni kule Buxton, kila kitu kilikuwa kwenye marejista makubwa yenye majalada meusi. Mimi nikaunda sistemu. Mama akija anaandikwa jina, anapokaa, miezi ya mimba, presha, kundi la damu na siku ya kurudi. Ikibaki siku moja arudi, simu ya zahanati inamtumia ujumbe yenyewe. Sista aliipenda. Ila miezi ya mwanzo alikuwa akiandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye rejista, mpaka siku moja nikamwambia, "Sista, wajichosha bure. Mashine haisahau."

Akanitazama kidogo, akalifunga rejista na kulitia kabatini. Tangu siku hiyo ilipita miezi sita bila mtu kuandika chochote pale kwenye karatasi, isipokuwa vile vijitabu vya kliniki ambavyo kila mama huenda navyo kwake.

Sasa nieleze nilichokifanya. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye database, na database ile niliiendesha ndani ya kitu tunachokiita kontena. Ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kiasi kwamba waweza kuiwasha kwenye kompyuta yoyote nayo ikafanya kazi vilevile. Uzuri wa kontena ni kwamba likichakaa unalitupa na kuunda jipya kwa dakika moja. Ubaya wake ni huohuo: kilichoandikwa ndani yake kinaweza kutupwa nalo. Ndiyo maana data hutakiwa zikae nje, kwenye folda ya mashine yenyewe, na kontena huelekezwa tu njia ya kuifikia folda hiyo. Hayo nilikuwa nayajua. Chuoni niliwahi kuwafundisha wenzangu ubaoni. Na folda nilikuwa nayo, nimeipa na jina, na kila Ijumaa ilikuwa ikinakiliwa kwenye diski ya pembeni.

Asubuhi hiyo nilikuwa naweka toleo jipya la sistemu. Nililiondoa kontena la zamani. Diski ilikuwa karibu kujaa, kwa hivyo nikaandika na amri ya kufagia kila kisichotumika. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Kisha nikaliwasha kontena jipya, nikaifungua sistemu, na pale juu panapotokea idadi ya akina mama pakatokea sifuri.

Nilidhani ni ukurasa haujajaa. Nikaufungua tena. Sifuri. Nikaenda kwenye folda, ilikuwa tupu. Nikaichomoa ile diski ya pembeni kutoka kwenye mtoto wa meza, nikaichomeka, nikafungua nakala ya Ijumaa iliyopita: tupu. Ya Ijumaa ya kabla yake: tupu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiweka akiba ya folda isiyo na kitu, na kila Ijumaa mashine ikiniandikia kwamba kazi imekamilika salama.

Ndipo nilipousoma tena ule mstari niliouandika siku ya kwanza, wa kulielekeza kontena njia. Mwishoni pamepungua neno moja. Neno moja tu, na kwa sababu hiyo database haikuwahi kuitumia folda yangu. Ilikuwa ikiandika mahali pengine ilipojichagulia, na hapo pengine ndipo nilipopafagia kwa mkono wangu dakika kumi zilizopita.

"Subalkheri, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Sista, anavua viatu mlangoni.

"Akheri, Sista."

"Mbona jasho lote hilo asubuhi hii? Pangaboi halizunguki?"

"Lazunguka. Ni sistemu, naifanyia matengenezo kidogo. Nipe mpaka adhuhuri."

Basi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, na wakati nautoa niliona kama ni ukweli ulionitangulia tu. Nilijua kuna programu za kufufua vilivyofutwa. Nilikwenda stoo ya nyuma ilipokuwa seva, nikafunga mlango na kuanza kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Stoo ile ina dirisha moja lenye nondo, linalotazama ukuta wa nyumba ya jirani. Ukinyoosha mkono waugusa. Haipiti hewa. Nilikaa humo kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi. Programu zilinirudishia vipande vya herufi, nusu ya tarehe, jina la baba bila jina la mama. Kontena jipya nalo, tangu nilipoliwasha, lilikuwa limeshaandika juu ya sehemu ile ile. Kila nilipojaribu nilijua zaidi kwamba hakuna kitu, na kila nilipojua zaidi ndivyo nilivyozidi kuogopa kufungua mlango.

Nje niliwasikia. Ukuta kati ya stoo na ukumbi ni mbao tu. Wanawake wamekaa kwenye benchi, wanazungumza habari za miguu kuvimba na waume zao, na Sista akiwaambia, "Leo mashine imelala, nipe kijitabu chako, mama, niandike humo tu." Adhuhuri ilipofika alibisha. Nikasema, "Bado kidogo, Sista." Alasiri akabisha tena. Nikasema kesho.

Nyumbani kwetu ni Kuze, mwendo wa dakika tano. Jioni ile nilizunguka mitaa miwili kabla ya kuingia. Mama aliniwekea mbaazi na mahamri, akaniangalia nikiyavunjavunja.

"Huli kwa nini?"

"Kuna kazi imeharibika, mama. Niliweka vitu ndani ya kontena, na kontena nimelitupa."

"Kontena la wapi, la bandarini Kilindini?"

"Hapana, mama. La ndani ya kompyuta."

"Basi si ulitafute ulikolitupa."

Mama alikuwa ameshatoa sanduku lake la nguo na kuliweka wazi kitandani kwangu, kunisaidia kupanga safari. Nililisogeza ukutani nikalala kando yake.

Jumatano ilikuwa kama Jumanne, ila mbaya zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na programu ya kujaribu. Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya skrini. Nilikuwa naandika amri zisizo na maana ili watu wasikie vidole. Nilifikiria kusema mashine imeungua. Nilifikiria kuuvuta waya wa umeme ufanye cheche. Nilifikiria kupanda treni asubuhi ya pili yake, nikaanze Nairobi mapema, nizime simu. Mara tatu niliinuka nikashika kitasa, na mara tatu nikasikia sauti ya Sista upande wa pili akicheka na mtu, nikarudi kukaa. Sikutoka hata kwenda kula. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, nimejifungia kwenye stoo ya dawa kwa kitasa kisichokuwa na funguo.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Sista hakubisha. Aliingia, akasimama nyuma yangu.

"Wale wa alama nyekundu," alisema. "Watatu wale. Kuna mmoja wiki hii aingia mwezi wa saba, yataka adungwe sindano. Nipe majina yao niwapigie. Mengine yatangoja mashine yako, hili halingoji."

Nililijua jambo la alama nyekundu. Sista mwenyewe ndiye aliyeniomba niiweke. Ni wanawake ambao damu yao ina kitu fulani kinachokosekana, na mtoto tumboni aweza kuwa nacho. Damu hizo mbili zikikutana, mwili wa mama waweza kuanza kuipiga vita damu ya mtoto, kama si huyu basi wa baada yake. Sindano moja kwa wakati wake huzuia. Nilikumbuka wako watatu, kwa sababu nilipoijaribu ile rangi nilizihesabu alama tatu kwenye skrini. Majina sikuyakumbuka hata moja.

"Sista, hayapo."

"Hayapo wapi?"

"Hayapo kabisa. Yote. Nimeyafuta."

Nilisubiri apige kelele.

"Lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni lini?"

"Alhamisi."

"Kwa hivyo tangu Jumanne nawapokea watu hapo nje na wewe uko humu wajua." Alilisema polepole, kama anayepima dawa. "Mimi niliona una jambo. Nikadhani labda ni huko kuondoka, moyo umekuwa mzito. Nikasema nimwache mtoto wa watu. Nimekuonea huruma siku mbili nzima!"

"Nisamehe, Sista."

"Hayo baadaye. Inuka."

"Niende wapi?"

"Uende ukawaambie. Si mimi nitakayewaambia."

Alinifungulia mlango, akanitanguliza. Ukumbini walikuwa wanawake kama kumi na tano, wengine wamesimama. Sijui nilianzaje. Nakumbuka nilisema kumbukumbu zao za miezi sita zimepotea, kwamba si mashine iliyokosea, ni mimi, na kwamba nakala nilizodhani ninazo hazikuwa na kitu. Mwanamke mmoja mwenye buibui, mimba imeshashuka, aliniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa mimi simo?"

"Humo, dada."

"Na mtoto wangu wa kwanza, aliyechanjwa hapa?"

"Naye hamo."

"Subhanallah," akasema, akamvuta yule wa kwanza magotini kwake, kana kwamba nimesema anachukuliwa. Mwingine alisonya. Mmoja alitoka, na hakurudi tena kwetu. Nilitamani ile stoo. Lakini Sista alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kifuani.

Kisha akaanza kutoa amri, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikapata kitu cha kufanya. Vile vijitabu vya kliniki vilikuwa na karibu kila kitu: damu, presha, tarehe, chanjo. Mama akikaa mbele yangu nanakili kijitabu chake chote kabla hajafika kwa Sista. Kwa wale ambao hawakuwapo, nilikumbuka simu ya zahanati. Sistemu ilikuwa ikitumia simu ile kupeleka ujumbe, na ujumbe wote ulikuwa umebaki ndani yake. Namba zilikuwamo, mia mbili na kitu. Majina hayakuwamo, wala alama nyekundu, kwa sababu ujumbe ulikuwa mmoja kwa wote: "Mama, kesho ni siku yako ya kliniki."

Nikaanza kupiga moja moja. "Asalaam aleikum, napiga kutoka zahanati, samahani, wewe ni nani?" Ni swali la ajabu kumuuliza mtu uliyempigia wewe. Wengine walikata. Wengine walidhani ni matapeli. Nilijifunza kuongeza haraka, "Nitazamie kijitabu chako, ukurasa wa damu, pameandikwaje?" Mwenye alama nyekundu wa kwanza alipatikana Ijumaa asubuhi, alikuwa mwezi wa nne, hakuna haraka. Wa pili alipatikana Jumamosi, alikuwa ameshadungwa. Kwa hivyo aliyehitaji sindano wiki ile alikuwa ni yule wa tatu, na katika namba zilizobaki hakuna aliyejibu kuwa ni yeye. Namba thelathini na kitu zilikuwa hazipatikani. Nilizipiga kila saa, hata nikaijua ile sauti ya mwanamke anayekwambia jaribu baadaye kuliko sauti ya ndugu zangu.

Jumatatu jioni niliandika Nairobi kwamba siwezi kuja kwa tarehe ile. Wakanijibu kwa heshima, na baada ya siku chache wakaniandikia tena kwamba nafasi imepata mtu. Mama alilifunga sanduku na kulirudisha juu ya kabati bila kuniuliza.

Ni Sista aliyekumbuka. Jumatano ya wiki ya pili, anaosha mikono, akasema, "Yule mrefu. Alikuja na mamake mkwe, na mkwe alikuwa na kitambaa cha kanzu begani, akaniambia wanakaa juu ya fundi cherehani. Makadara huko."

"Ndiye yeye, Sista?"

"Sina hakika. Lakini nilimwandikia kijitabu kwa kalamu nyekundu, na si wengi niliowaandikia hivyo."

Mafundi cherehani Makadara ni wengi. Nilitembea na jua la saa saba, duka hadi duka, nikiuliza juu yenu anakaa mwanamke mrefu mjamzito? Mafundi walinitazama kwa mashaka, na wana haki. Duka la tano, mzee mmoja alinionyesha ngazi kwa mkasi. Mlango ulifunguliwa na mamake mkwe mwenyewe.

"Wamtakia nini?"

Nikamweleza nimetoka zahanati, nimetumwa na Sista. Nyuma yake akatokea msichana mrefu, kanga mbili, mikono ina sabuni. Nikamwomba kijitabu. Alikileta kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukurasa wa damu ulikuwa na kalamu nyekundu. Siku ya sindano ilikuwa imepita kwa siku sita.

"Simu yangu iliingia kwenye ndoo ya nguo," alisema, "ni wiki mbili sasa. Nikasema kama kuna jambo, mwatujua tunapokaa."

Nilishukuru Mungu, nikamwambia tufuatane, avae tu. Njiani nilikuwa nikijiambia kwamba ujumbe wangu usingemfikia hata kama data zingekuwapo, maana simu imekufa. Nilijishika kwenye hilo kwa muda. Lakini alichosema ndicho kilichokuwa kweli. Tulikuwa tunajua anapokaa. Kulikuwa kumeandikwa kwenye sistemu, mtaa, fundi na ngazi, na Sista angekwenda mwenyewe siku hiyo hiyo ya sindano.

Sista alimdunga saa tisa na nusu. Alisema siku sita bado ni afadhali, sindano itafanya kazi.

Kazi ya kunakili vijitabu ilinichukua miezi miwili. Asubuhi nilikuwa ukumbini, mchana milangoni kwa watu, Kibokoni, Kuze, Makadara, mpaka ng'ambo kwa wale waliokuwa wamehama. Wengine hatukuwapata, na sitajua walikokwenda. Rejista lilitoka kabatini, na Sista akawa anaandika bila kunitazama. Data sasa ziko nje ya kontena kweli. Siku ya kwanza nilipourekebisha ule mstari, nililiua kontena kwa makusudi mara nne, nikaunda jipya mara nne, nikiangalia kama akina mama wamo. Na kila Jumatatu naichukua nakala ya akiba, naifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa, halafu Sista anafunga macho na kutaja jina lolote. Nisipomsomea presha ya mtu huyo hapo hapo, hatufungui mlango.

Yule mrefu alijifungua mtoto wa kike. Siku ya pili mtoto alikuwa na manjano, akalazwa chini ya taa siku tano. Nilimwuliza Sista kama ni mimi. Akasema watoto wengi hupata manjano, na mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa hadhuriki na jambo lile. Nikamwuliza tena kesho yake. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui, na wewe hutajua. Kaa nalo." Nakaa nalo. Kuna siku nashinda vizuri, na kuna siku kila mtoto mwenye macho ya njano namdhania ni yule.

Yule mrefu alimleta kuchanjwa alipotimiza wiki sita, mtoto amenenepa, mashavu yamejaa. Sista alikuwa na mtu ndani, kwa hivyo mama mtu alikaa mbele yangu. Nilimweleza yote kwa sababu sikuwa nimewahi kumweleza: kwamba siku ile nilipokuja mlangoni kwao nilikuwa nimekuja kwa kosa langu. Alisikiliza huku anamkung'uta mtoto mgongoni.

"Na sasa nimo?" aliuliza.

"Umo."

"Nione."

Nikaigeuza skrini imtazame. Alisogea, akaweka kidole kwenye jina lake, akashuka nacho pole pole mstari kwa mstari, mtaa, damu, tarehe, mpaka kwenye jina la mtoto. Hapo akasimama.

"Hili umekosea," alisema. "Lina h mwishoni."

Nikaitia.